Nyumba Juu ya Ardhi ya Mtu

"Sasa mwanangu, hiyo mashine yangu waipeleka wapi?"

Mama wa hesabu aliniuliza hivyo Alhamisi jioni, mkoba wake ukiwa begani tayari. Nilikuwa nimepita mezani kwake kumwomba Ijumaa atoke mapema kwenye mfumo wa mishahara, asiuguse tena mpaka Jumatatu. Nikamjibu kwamba haiendi mbali. Itabaki chumba kile kile, kabati lile lile la seva, pengine ishuke rafu mbili.

"Kama haiendi mbali, mbona wasema yahama?"

"Yahama mwenyeji, mama."

Akanitazama kidogo, akanitakia kazi njema, akaenda zake kuwahi matatu. Nami nimekaa na swali lake tangu siku ile, kwa sababu ndilo swali lenyewe. Kitu kisichotoka chumbani kimehama wapi? Na kikishahama, ni kipi kilichokwenda nacho, na kipi kilibaki?

Mashine ya mama ni mashine pepe, kompyuta isiyo na kiwiliwili. Ina diski, ina kumbukumbu, ina kadi ya mtandao, lakini ukifungua kabati kuitafuta huioni. Diski yake ni faili moja kubwa lililolala ndani ya diski za seva ya chuma. Kadi yake ya mtandao ni mistari michache ya maelezo. Kumbukumbu yake ni fungu lililomegwa kutoka kumbukumbu ya wote. Anayemega ni programu iitwayo haipavaiza, inayokaa kati ya chuma na mashine hizi, ikimpa kila mmoja chake na kumzuia asivuke kwa jirani. Ishirini au thelathini hukaa hivyo juu ya seva moja, na kila moja huishi kana kwamba iko peke yake duniani. Watu wa kazi yetu huiita seva ya chuma mwenyeji, na mashine pepe huiita mgeni.

Wazo hili lina umri. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, waliigawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji aione kama yake. Mfumo wao wa kwanza uliitwa CP-40, ukafuatwa na CP-67, na mwaka 1972 IBM ikatoa VM/370. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo mpaka leo hufundishwa: programu iliyo ndani ya mashine pepe ifanye kazi vile vile ambavyo ingefanya juu ya chuma kitupu, amri zake nyingi zipite moja kwa moja bila kucheleweshwa, na haipavaiza ibaki na mamlaka juu ya mali yote. Prosesa za kompyuta za kawaida, zile za x86, hazikuyatimiza masharti hayo. Kulikuwa na amri ambazo mgeni angeweza kuzitoa bila mwenyeji kusikia. Diane Greene, Mendel Rosenblum na wenzao watatu walianzisha VMware mwaka 1998, na bidhaa yao ya mwaka 1999 ilikwepa kizuizi hicho kwa kuzinasa amri zile korofi na kuzitafsiri papo hapo. Mwaka 2003 ikaja haipavaiza iitwayo Xen, kutoka Cambridge nyingine, ile ya Uingereza. Mwaka 2005 na 2006 Intel na AMD wakaongeza uwezo wa kuzinasa amri hizo ndani ya prosesa zenyewe, na Februari 2007 kazi ya Avi Kivity iitwayo KVM ikaingizwa katika kerneli, kiini cha Linux. Mwaka 2008 kampuni ya Vienna ikatoa Proxmox, jukwaa linalosimama juu ya KVM. Huko ndiko tulikokuwa tukihamia, kutoka VMware.

Katika masharti yale ya 1974, la kwanza ndilo linalonishika. Mgeni asihisi tofauti. Mashine pepe iliumbwa iwe haijui ardhi iliyo chini yake. Lakini mgeni akikaa miaka kumi mahali, kuna mambo ya mahali pale humwingia bila kuambiwa, na humwingia mpaka kwenye jina lake.

Hili nililijua kabla sijalijua neno kompyuta. Nimezaliwa Majengo, Mombasa, katika nyumba ambayo ardhi yake haikuwa yetu. Asiye wa pwani huona ajabu, lakini kwetu ni jambo la vizazi: nyumba ina mwenyewe na kiwanja kina mwenyewe. Sheria ya Kiislamu huruhusu kilichosimama juu ya ardhi kiwe mali ya mtu mwingine mbali na mwenye ardhi, na maelfu ya nyumba za Mombasa zilijengwa kwa mapatano hayo. Nyumba ya bibi ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, kuta za miti na udongo zilizopakwa chokaa. Kila mwezi alilipa kodi ya kiwanja, na risiti akaichoma kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Msumari ulijaa, akapigilia wa pili.

Nilipokuwa na miaka tisa kiwanja kiliuzwa. Mwenye ardhi mpya alitaka kujenga ghorofa. Bibi akaitafutia nyumba yake mahali Kisauni, na nyumba ikahamishwa. Nasema ikahamishwa kwa sababu ndivyo bibi alivyosema maisha yake yote, hakusema kwamba tulihama. Fundi alikuja na chaki, akaandika namba juu ya kila mlango na fremu yake, kila dirisha, kila boriti. Mabati yakashushwa, yakapangwa ukubwa kwa ukubwa. Jioni zilibaki kuta za udongo mwekundu zimesimama bila paa, na sakafu ya saruji yenye alama ya kila kitanda. Kisima kilibaki. Babu alikichimba kwa mkono wake, na hakuna fundi awezaye kukiandika namba kisima.

Kisauni mlango wa mbele ulikataa. Majengo ulifungukia kushoto, kwa sababu kushoto kulikuwa na baraza. Kiwanja kipya kilikuwa na ukuta wa jirani kushoto. Fundi akang'oa bawaba, akazihamishia upande wa pili, na matundu ya zamani akayaziba kwa vijiti vya mti. Mlango ulikuwa wetu, lakini upande wa kufungukia ulikuwa wa ile ardhi.

Basi nilipokaa na orodha ya mashine zetu, arobaini na kitu, nilikuwa nikifanya kazi ya fundi yule. Mwaka 2022 Broadcom ilitangaza kwamba itainunua VMware kwa takriban dola bilioni 61. Ununuzi ukakamilika tarehe 22 Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba leseni za kudumu hazitauzwa tena, zitabaki za kulipia kwa muda. Ofisi nyingi duniani ziliketi zikapiga hesabu upya, na nyingi zimehama au ziko njiani. Sisi tulikuwa na sababu zetu za nyumbani: seva zilizozeeka na bajeti isiyokua. Lakini sioni haja ya kuficha kwamba nilifurahi kuhamia kwenye programu ambayo msimbo wake uko wazi. Hata huko ardhi si yangu. Proxmox ina wenyewe, na msaada wao hulipiwa. Tofauti ni kwamba leseni ya programu huria yafanana na wakfu: aliyeitoa ameshaitoa, na toleo nililonalo mkononi hakuna wa kuja kulidai, hata kiwanja cha jirani kikiuzwa. Mtu aliyelelewa nyuma ya msumari wa risiti huisikia tofauti hiyo mwilini.

Kabla ya kubeba mashine yoyote unakagua snapshoti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hofu yangu ilipo. Snapshoti ni kituo. Unataka kufanya jambo la hatari, kusasisha mfumo kwa mfano, basi unaiambia haipavaiza ishike hali ya mashine ilivyo sasa. Kuanzia dakika ile faili la diski hufungwa kama daftari lililojaa. Hakuna neno jipya litakaloandikwa humo. Kila badiliko linaandikwa katika faili la pili pembeni, na mashine huyasoma mawili pamoja kana kwamba ni moja. Mambo yakiharibika, unatupa la pili na kurudi ulikokuwa. Yakienda salama, unayaunganisha. Kituo hicho hufaa kwa siku moja, mbili.

Kwenye mashine ya masjala, inayotunza barua za ofisi, nilikuta snapshoti ya mwaka 2019. Ilipewa jina la maneno matatu: "kabla ya kusasisha". Aliyeiweka alisasisha, kazi ikaenda sawa, na kwa kuwa kazi ilikwenda sawa hakuna aliyekumbuka kurudi. Faili la pembeni lilikuwa limevimba likakaribia ukubwa wa diski yenyewe. Miaka yote ile, kila barua iliyoingia na kutoka, ilikuwa imeandikwa pembeni ya daftari.

Fikiria ningebeba faili la kwanza peke yake. Mashine ingewaka kwenye nyumba mpya bila hitilafu. Ingekuwa nzima, yenye afya, haina inachokikosa. Ila kwayo ingekuwa ni asubuhi ile ya 2019. Walioacha kazi wangekuwa bado na nywila zao. Aliyefariki angekuwa bado yuko kwenye orodha ya simu za ndani. Barua za miaka iliyofuata zisingekuwa zimepotea kwa maana ya kuibwa au kuungua, zingekuwa hazijaandikwa. Nimewahi kusimuliwa makosa mengi ya kazi hii, na hakuna linalonitisha kama hilo, mashine isiyojua kwamba imesahau.

Nikaagiza mafaili yaunganishwe. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Haipavaiza hupita kipande kwa kipande, ikilirudisha kila badiliko mahali pake kwenye daftari la awali, na ukiikatiza vibaya unaweza kubaki na mawili yasiyosomeka. Ilianza baada ya magharibi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, jaketi juu ya shati kwa baridi ya chumba kile, nikitazama asilimia zinavyokwenda. Usiku wa manane ilikuwa haijafika nusu. Iliisha alfajiri imeshaadhiniwa. Nikafungua barua ya 2018, nikafungua ya juzi, zote zikasomeka, ndipo nikaenda kutawadha.

Mashine ya mama wa hesabu ilikuwa na shida nyingine. Ilikuwa ya Windows, yenye diski ya GB 400. Kubeba kwenyewe si kazi: faili la VMDK, umbo la diski la VMware, hunakiliwa na kugeuzwa kuwa qcow2, umbo ambalo nyumba mpya hulisoma, na kwa kebo yetu ya gigabiti moja ilichukua kama saa nzima. Kazi iko kwenye kuwaka. Windows ile ilizoea kuifikia diski yake kupitia mlango wa aina ya VMware. Huku milango ni ya virtio, mtindo uliobuniwa na Rusty Russell wa Australia, mwepesi na mzuri, ila Windows haizaliwi ikiujua. Miezi kadhaa kabla, katika jaribio langu la kwanza, nilikuwa nimeipachika nakala ya diski moja kwa moja kwenye mlango mpya nikaiwasha. Skrini ikawa buluu, na maandishi yakasema kifaa cha kuwashia hakifikiki. Nilibaki nikiitazama. Diski iko pale pale, imejaa, haina mkwaruzo. Mfumo endeshi wenyewe umelala ndani ya diski hiyo, na unalia kwamba hauioni. Draiva, yaani programu ya kuutumia mlango, inayohitajika ili kuifikia diski yapaswa kuwa imeshatayarishwa ndani ya diski hiyo hiyo.

Dawa yake naipenda kuliko jambo lolote katika kazi hii. Kwanza unaipachika diski kubwa kwenye mlango wa zamani wa SATA, ambao Windows yoyote ya leo huujua. Ni mzito kuliko virtio, lakini unaingiza mtu ndani. Kisha unaunda diski ya pili, tupu, ya GB 1 tu, na hiyo unaipachika kwenye mlango mpya. Unawasha. Windows inaamka kupitia mlango inaoujua, inatazama huku na huku, inaona kitu kigeni mlangoni, nawe unaipa draiva ya virtio. Inaipokea, inaisajili, inaizoea. Unazima. Unaitoa diski ndogo, diski kubwa unaihamishia kwenye mlango mpya, unawasha tena, na Windows inapita pale kana kwamba imepita hapo miaka yote.

Diski ile ndogo nimeipa jina la mshenga. Haina mali ndani yake, haina faili hata moja. Imetangulia tu, ikabisha hodi, ikaifanya nyumba ikubali kwamba aina hii ya mtu inaweza kuja, na mwenye mali anapokuja anakuta ameshakubalika. Kijana wa mafunzo niliyekuwa naye usiku wa kuhama alinisikia nikiiita hivyo. Mashine ya tatu tu, akawa ananiuliza, "Mwalimu, huyu nimtumie mshenga au ataingia mwenyewe?"

Za Linux nyingi huingia zenyewe, maana virtio imo katika kerneli yao tangu 2008. Zinaamka haraka, kisha zinakaa kimya. Unaiita mashine kwenye mtandao, haijibu. Unaifungua kwa skrini yake ya ndani, unakuta ni nzima, inakungoja. Kisa ni jina. Katika nyumba ya zamani kadi yake ya mtandao iliitwa ens192, na faili la mipangilio limeandikwa hivyo: ens192 ipewe anwani fulani. Huku kadi ni ile ile kwa kazi, lakini jina lake ni ens18. Herufi tatu zasema ni kadi ya ethaneti kwenye nafasi, na namba ndiyo nafasi yenyewe katika ubao wa mashine. Ubao ni wa kufikirika, nafasi ni ya kufikirika, lakini kila haipavaiza huzipanga kwa desturi yake. Mashine ilidhani ens192 ni jina la mkono wake, kumbe lilikuwa jina la kiwanja. Unafuta 192, unaandika 18, inaanza kusema. Nilifanya hivyo mara ishirini na tatu, na kila mara niliukumbuka ule mlango na bawaba zake.

Kuna jina jingine ambalo sikulibadilisha. Kila kadi ya mtandao ina anwani ya MAC, na jozi tatu za mwanzo hutaja ukoo wa aliyeitengeneza. Za VMware ni 00:50:56. Nyumba mpya hutoa zake, lakini inakuruhusu kuandika ya zamani kwa mkono. Niliziacha za zamani, kwa sababu ya kikazi: programu moja ilikuwa na leseni iliyofungwa kwenye namba ile, na kuna kanuni za ulinzi wa mtandao zilizoitaja. Basi hadi leo mashine zetu zinakaa kwa KVM na kujitambulisha kwa jina la nchi zilikotoka. Sioni ajabu. Mombasa imejengwa na watu wa namna hiyo. Katika Thenashara Taifa, makabila ya kale ya Waswahili wa mji huo, wamo Wakilifi, wamo Wamtwapa, wamo Wapate, wamo Washaka, na vizazi vyao vimezikwa Mombasa kwa karne nyingi. Wamehifadhi jina la walikotoka na hakuna anayewaambia kwamba si wenyeji.

Saa nayo. Mashine mbili za Linux niliziwekea aina ya mfumo isiyo yake kwa uchovu wa saa tisa usiku, nyumba mpya ikadhani ni Windows, ikazisomea saa ya hapa badala ya saa ya dunia. Zikaamka zikiwa mbele kwa saa tatu kamili. Nilikuta kumbukumbu za matukio ambayo hayajafika wakati wake. Zilipopata mtandao zikajirekebisha zenyewe, lakini ilinichukua dakika nzima kuelewa kwamba nasoma maandishi ya alfajiri na nje bado ni giza.

Nirudi kwa mashine ya mishahara, maana ilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia. Ilipokwisha kuingia kwa mlango mpya nikaenda kuipa anwani yake ya mtandao, ile ile iliyoizoea. Windows ikakataa kwa adabu: anwani hii imeshapewa kadi nyingine, na kadi hiyo haipo tena kwenye kompyuta. Kadi haipo, lakini imeshika anwani. Kuna njia ya kuiamuru Windows ikuonyeshe vifaa visivyokuwepo. Niliifuata, orodha ikafunguka, na vile vilivyoondoka vikajitokeza kwa rangi ya kufifia kati ya vilivyopo.

Nilimwita kijana aje aone. Ilikuwepo kadi ya VMware, ndiyo iliyoshika anwani. Chini yake kulikuwa na nyingine mbili, za chuma. Za chuma halisi. Hapo nikakumbuka kwamba mashine hii haikuzaliwa pepe. Ilikuwa seva kamili, yenye feni na taa, iliyokaa kwenye kona ya chumba kile kabla sijaajiriwa, na mwaka 2012 mtangulizi wangu aliivua mwili akaiingiza katika VMware. Chuma chake kiliuzwa kwa vyuma chakavu siku nyingi. Lakini humo ndani bado iliandikwa kidhibiti cha diski zake za kwanza, kadi zake mbili, hata kibodi iliyowahi kuchomekwa. Miaka yote ilibeba maiti ya kila nyumba iliyowahi kukaa, bila kizuizi, bila mtu kujua, mpaka tulipoiomba itaje anwani yake.

"Tuzifute zote, mwalimu?" kijana aliuliza.

Nikamwambia tufute ile iliyoshika anwani, basi. Zile nyingine hazimzuii mtu. Kifundi naweza kulitetea jibu hilo, maana usiku wa kuhama si usiku wa kufagia kila kona. Ila sikulitoa kwa sababu hiyo peke yake.

Jambo la mwisho ni kuhakikisha ile ya zamani haiamki. Nakala mbili zenye jina moja na anwani moja zikiwaka pamoja huharibiana, na mafahali wawili hawakai zizi moja hata wakiwa ni fahali yule yule. Niliichomoa kadi yake ya mtandao kwenye mipangilio kwanza, ili hata mtu akiiwasha kwa kukosea iamke bubu. Kisha nikaiacha imezimwa, haijafutwa. Tulikubaliana siku thelathini, ili mwisho wa mwezi mmoja kamili upite, mishahara itoke, ndipo tuamini.

Jumatatu saa mbili asubuhi mama wa hesabu alifungua mfumo wake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Akaingiza nywila, akafungua jalada la mwezi, akashuka na kupanda, akasimama kwenye jumla ya chini na kuilinganisha na karatasi aliyoiandika kwa mkono Ijumaa. Namba zilikuwa sawa. Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Mungu akuweke."

Mishahara ilitoka. Siku ya thelathini nikafungua nyumba ya zamani, ambayo sasa ilikuwa na majina yaliyozimwa tu, moja baada ya jingine. Nikafuta ya masjala. Nikafuta za mafunzo. Nilipofika kwenye ya mishahara, na kidole kikiwa tayari, macho yakaangukia kisanduku kidogo pembeni cha maelezo. Ni mahali ambapo msimamizi anaweza kuandika chochote kuhusu mashine. Hakimo ndani ya diski. Kiko kwenye faili dogo la nyumba, na mimi nilibeba diski. Mtangulizi wangu, ambaye amestaafu na kurudi kwao Lamu, alikuwa ameandika humo:

"Isizimwe mwisho wa mwezi bila kumuuliza mama wa hesabu kwanza. Ana daftari lake la mkono, liheshimuni. Ikigoma kuwaka ngojeni dakika kumi, inawaka yenyewe. 14/3/2012."

Nikafungua nyumba mpya upande wa pili wa skrini, nikatafuta kisanduku kama hicho, kikawepo, kitupu. Nikayanakili yote, pamoja na tarehe. Kisha nikarudi upande wa kwanza nikafuta.